Kaske Juu ya Kiti

*Albertville, 12 Februari 1961*

Yaya Angélique, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia nikiwa chini kwenye mkeka, kwa sababu mjane haketi kitini. Umesoma vizuri. Alhamisi Florent, mdogo wake Valère, alirudi kutoka upande wa Nyunzu na kifurushi kwapani, na tangu saa ile nyumba yangu imejaa watu wanaolia.

Unajua kwamba treni anayofanyia kazi Valère ilibaki ng'ambo reli ilipokatika mwezi wa kumi na mbili. Tangu hapo sikupata neno lolote. Florent akafuatana na wafanyakazi wa reli hadi kwenye daraja lililochomwa. Wanakijiji wa pale wakamwonyesha kaburi la mtu waliyemkuta amekufa kwa homa kando ya njia, ambaye hakuna aliyemjua. Juu ya kaburi, kwenye mti uliochomekwa, palikuwa na kaske nyeupe, ile kofia ngumu ya jua ambayo Valère hatoki bila hiyo. Florent akainua ngozi ya ndani, ile inayoshika paji la uso, akakuta jina limechomwa kwa waya wa moto: VALÈRE. Akalia pale pale, akaichukua, akaileta nyumbani.

Sasa kaske imewekwa kwenye kiti cha mume wangu, imefunikwa kitambaa cheupe. Matanga yataondolewa Jumapili ya pili baada ya Pasaka, tarehe 16 Aprili. Siku hiyo nitanyolewa, nitaoshwa, nitakabidhiwa kwa Florent, mimi na watoto. Kijana wa watu hana kosa, mpaka leo ananiita Mama na hawezi kunitazama usoni. Lakini desturi ya ukoo wao unaijua: nikishaoshwa, hakuna kurudi nyuma. Valère akitokea mlangoni kesho yake, atakuta mimi ni mke wa mdogo wake.

Nasema akitokea, Yaya, kwa sababu siamini. Valère anapaka mafuta ya brilantini kichwani kila asubuhi tangu nimjue, foronya zangu zote ni mashahidi. Ngozi ile inanuka tumbaku, na Valère havuti. Nilimwambia mama mkwe wangu, Mama Agnès. Akanishika mkono akasema: "Mutoto wangu, porini miezi miwili, harufu gani inabakia? Jina lake njo hili." Kwa nje kaske hizi zote ni moja, nyeupe kwa chokaa. Yake nimeipaka chokaa miaka mitatu kila Jumamosi, lakini ndani sikuwahi kutazama hata mara moja. Aibu imenishika.

Mtu mmoja tu anaweza kujua, Papa Onésime, fundi wa kofia aliyekuwa nyuma ya soko letu kabla hajahamia huko kwenu. Nasikia siku hizi anatafuta kaske za zamani kwa ajili ya bwana mmoja wa Usumbura anayezipanga ukutani kama picha. Humu ndani nimeweka barua yake. Mpelekee, lakini usimwambie kitu. Anampenda Valère kama mdogo wake wa tumbo moja. Akijua, ataniandikia maneno ya kunibembeleza. Nataka aitazame kwa jicho la mnunuzi.

Mdogo wako,
Emérance

*Albertville, 12 Februari 1961*

Kwa Papa Onésime, fundi wa kofia,

Papa, salamu nyingi. Sisi tupo. Valère yuko safarini bado.

Nimesikia unatafuta kaske za zamani. Hapa nyumbani kuna moja, mtu ameiacha. Ningependa kujua ni ya mwaka gani na ilitengenezwa wapi, kabla sijaamua nifanye nini nayo. Sijui kitu katika mambo ya kofia. Niambie nitazame wapi, nami nitakuandikia nilichokiona. Tafadhali usikawie.

Mama Emérance, mke wa Valère

*Baudouinville, 26 Februari 1961*

Mama Emérance, mke wa rafiki yangu mwenye kichwa kama sufuria ya bugali,

Barua yako imenifurahisha kuliko unavyodhani. Katika mji huu wa mapadri watu huniletea kofia za kushona, hakuna anayeniuliza swali la maana. Wewe umeuliza mwaka! Keti basi nikufundishe, na Valère akirudi umwaibishe kwa elimu yako.

Usianze na nje. Nje ni chokaa tu, na chokaa ingeweza kumfanya hata mzee aonekane bwana harusi. Igeuze. Kwanza kitambaa cha chini ya ukingo, kile kinachotazama ardhi. Kikiwa kijani, kaske ni ya juzijuzi. Kikiwa chekundu, hapo nyanyuka uitolee heshima, kwa sababu zamani Wazungu waliamini rangi nyekundu inazuia jua kupenya mpaka kwenye ubongo. Waliacha imani hiyo kabla ya vita kubwa ya pili, na kitambaa chekundu kikaondoka nayo.

Halafu bonyeza kwa ukucha mahali palipochubuka. Zipo kaske za moyo wa mti, ule mweupe mwepesi unaoelea ziwani, ukucha unaingia kama kwenye mkate. Na zipo za kizibo, mti ule ule wa vizibo vya chupa za divai, zina rangi ya kahawia na ni nzito. Kama huna hakika, iweke mkono mmoja, na mkono wa pili ushike bakuli la visamaki vikavu vya ndagala. Ikilizidi bakuli, ni kizibo.

Tazama matundu ya hewa ubavuni. Yana vikuku vya shaba ya manjano au vya bati jeupe? Ni mangapi? Na ngozi ya ndani imeshonwa kwa mashine au kwa mkono, kwa uzi gani? Nyuma ya ngozi kuna nini? Watu huficha mengi pale, hata vyeti vya ubatizo nimewahi kukuta.

Mwisho kabisa, mwambie Valère aivae. Nataka kujua inamkaa vipi. Kichwa chake ninakifahamu kuliko cha mtu yeyote, basi kitanisaidia kuipima.

Bwana wa Usumbura anakuja mwezi wa sita. Ikiwa nyekundu ndani, usimpe mtu mwingine!

Wako,
Papa Onésime

*Baudouinville, 26 Februari 1961*

Mdogo wangu,

Nimempa barua, nimekaa naye akiandika jibu, ameniimbia nusu saa habari za vizibo na vitambaa. Alipofika kwenye "mwambie Valère aivae" alicheka peke yake, nami nikatoka nje nikasema jua limenichoma macho. Siwezi kumdanganya mara nyingi, hata kwa kunyamaza. Fanya haraka. Nakuombea.

Angélique

*Albertville, 9 Machi 1961*

Papa Onésime,

Nimetazama kama ulivyonifundisha. Ilinibidi kungoja siku ambayo wanawake wote wa nyumba walikwenda ziwani kufua, kwa sababu hapa kaske hiyo hairuhusiwi kuchezewa.

Chini ya ukingo ni nyekundu, imepauka, lakini kwenye mshono bado ni nyekundu kabisa. Ukucha hauingii. Palipochubuka ni kahawia, inatoka unga kama wa mbao. Nimeilinganisha na ndagala, bakuli lilikuwa jepesi. Matundu ni manne kila upande, vikuku ni vya manjano.

Ngozi si kama kaske. Kaske ni kuukuu, ngozi haijachakaa sana. Imeshonwa kwa mkono, uzi ule wa nyavu za ndagala, umekunjwa mara mbili, na mwisho wake una fundo dogo limefichwa chini ya utepe wa nyuma. Upande mmoja imefumuka. Chini yake kuna maandishi ambayo siyasomi vizuri. Na nyuma yake pamejazwa gazeti lililokunjwa, tabaka nne au tano, kuzunguka kaske yote. Kwenye gazeti nimesoma "Agosti 1957" na habari ya mbio za baiskeli.

Valère hakuivaa. Hakuwa na nafasi.

Papa, ningeomba jibu kwa meli ya kwanza.

Mama Emérance

*Baudouinville, 20 Machi 1961*

Mama Emérance, mwanafunzi wangu bora,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikaketi, kisha nikasimama tena. Nyekundu! Kizibo! Shaba ya manjano, manne manne! Kaske hiyo ilitengenezwa kati ya mwaka 1930 na 1935, si baadaye. Ilikuja kichwani mwa Mzungu wa reli au wa migodi, na alipoondoka akaiacha kwa mpishi. Bwana wa Usumbura akiiona atasahau kula.

Lakini sasa nikuchekeshe. Uzi wa nyavu uliokunjwa mara mbili, na fundo chini ya utepe? Mama, hiyo ni kazi yangu! Hakuna fundi mwingine kutoka Kabalo mpaka ziwani anayefunga fundo pale. Kaske hiyo ilipita mikononi mwangu Agosti 1957, na mwenye kuivaa alikuwa na kichwa kidogo sana, kama cha mtoto wa komunyo. Ndiyo maana nilijaza gazeti. Gazeti tabaka tano! Kwa kichwa cha Valère ilinibidi kufanya kinyume. Kaske yake ilikuwa mpya kutoka dukani, nyepesi, ya moyo wa mti, kijani ndani, na bado ilimbana mpaka nikatoa ngozi nene ya kiwandani nikamwekea nyembamba. Yake ningeitambua hata nikiwa nimefumba macho.

Ni nani basi aliyekuachia hii? Usiipake chokaa tena. Itume kwa meli, imefungwa katika shuka.

Papa Onésime

*Albertville, 30 Machi 1961, Alhamisi Kuu*

Papa Onésime,

Unisamehe. Nimekudanganya tangu barua ya kwanza, sasa nasema yote.

Kaske hii ilikutwa juu ya kaburi kando ya reli. Florent aliileta hapa kama mwili wa kaka yake. Tangu mwezi wa pili mimi ni mjane, nalala chini, na kaske imeketi kwenye kiti cha mume wangu. Haikuvaliwa wala kupimwa na mtu, kwa sababu katika ukoo huu kofia ya marehemu haigusi kichwa cha aliye hai. Uliponiandikia nimwambie Valère aivae, nililia mpaka wakadhani ni kilio cha kawaida, wakaja kunisaidia kulia.

Papa, barua yako ya mwisho nimeisoma mara kumi. Kijani ndani. Moyo wa mti. Ngozi nyembamba. Moyo wangu umefunguka kama mlango, nimekula bugali kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa. Hii si kaske yake! Nikamwendea Mama Agnès na baba mdogo wa Valère, Papa Alphonse, nikawaeleza habari ya kitambaa chekundu na kizibo. Papa Alphonse akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua ngozi kwa kidole akasema: "Na hii? Muntu mwingine alichoma jina la mutoto wetu katika kofia yake, juu ya nini?"

Yale maandishi niliyosema siyasomi, nayasoma vizuri sana. Ni VALÈRE, na ile E ya mwisho imepinda kama anavyoiandika yeye. Hilo ndilo linaloniua. Kaske si yake na jina ni lake.

Zimebaki siku kumi na saba kabla ya kunyolewa. Kama ulishona ngozi hiyo, niambie ilitoka wapi.

Emérance

*Baudouinville, 7 Aprili 1961*

Binti yangu,

Angélique alikuwa hapa nilipofungua barua yako. Amenisimulia yaliyobaki. Nimekaa siku moja nzima bila kushika sindano, na sasa nasema nilichofanya.

Ngozi ile ni ya Valère. Ni ile nene niliyoitoa kwenye kaske yake mpya mwaka 1957. Alikuwa ameshachoma jina lake kwa waya kule depo ya reli, siku ile ile aliyoinunua, kabla hajagundua kwamba inambana. Nilipomwekea nyembamba, ile nene ilibaki mezani kwangu, nzuri, haijanywa jasho hata la siku moja. Kutupa sikuweza. Niliigeuza, jina likatazama ndani kwenye kizibo, upande laini ukatazama paji la uso, nikaishona kwenye kaske kuukuu ya Mzungu. Nikaiuza kwa mtu aliyeshuka kutoka treni ya Nyunzu, nikamwambia ngozi ni mpya kutoka Ubelgiji. Nilifanya hivyo kwa kaske nyingi. Kila mtu aliyekuja kwangu kuomba ngozi ya Ubelgiji alivaa ngozi ya jirani yake.

Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja itafumuka na kumzika rafiki yangu akiwa hai.

Ulinificha kwa sababu uliogopa nitakubembeleza. Ulifanya vema. Ningekubembeleza.

Ningekuja mwenyewe, lakini meli imejaa askari, hawachukui abiria. Nahodha amekubali kubeba bahasha. Ndani kuna barua ya wazee. Isomwe mbele ya watu wote, hata wale niliowauzia. Pia kuna kamba. Wateja wangu wote nawapima kichwa kwa kamba, nakata, nafunga fundo kila ncha na kipande cha karatasi chenye jina, naitundika. Nilipohama niliacha viti na meza, kamba nilizibeba. Hii ni ya Valère.

Onésime

*(Ndani ya bahasha hiyo hiyo)*

Kwa Papa Alphonse, Mama Agnès na wazee wote wa ukoo,

Mimi Onésime, fundi wa kofia, nakiri mbele yenu kwamba nilikuwa nikiuza ngozi zilizotumika kama ngozi mpya. Ngozi iliyo katika kaske mliyonayo niliitoa kwa Valère nikamshonea mtu mwingine, nimeigeuza. Tazameni upande wenye jina: hauna doa la jasho, kwa sababu ulitazama kizibo, haukugusa paji la aliyeivaa. Doa liko upande wa pili.

Desturi yenu naiheshimu, siombi mtu aivae. Chukueni kamba hii yenye jina lake, ilizungushwa kichwani mwake na mikono yangu. Izungusheni ndani ya kaske, juu ya gazeti. Ikienea, mnyoeni huyu mwanamke, nami nitakuja kulia pamoja nanyi. Isipoenea, mngojeni mtoto wenu.

Aliyeniamini akanunua ngozi kwangu aje, nitamshonea nyingine.

Onésime

*Albertville, 17 Aprili 1961*

Papa Onésime,

Nina nywele zangu! Naanza na hilo kwa sababu jana asubuhi wembe ulikuwa umeshawekwa kwenye sahani.

Meli ilifika Jumamosi jioni, nahodha akatuma bahasha Jumapili watu wakiwa tayari uani. Papa Alphonse akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye ngozi za Ubelgiji, wanaume watatu wakavua kofia zao wakaanza kuchungulia ndani. Bwana Camille wa posta amekuta jina la mtu wa Kabalo. Amekasirika sana, jiandae.

Kisha wakageuza ngozi. Upande wenye jina ulikuwa safi kama ulivyosema. Florent ndiye aliyechukua kamba. Akaizungusha ndani ya kaske mara moja, na kipande kilichobaki kilikuwa kirefu kuliko vidole vyake vinne. Akarudia. Akarudia tena. Mama Agnès akamnyang'anya, akaizungusha mwenyewe, akatazama kile kipande kilichobaki mkononi mwake akasema: "Kichwa cha mutoto wangu hakiingii humu. Mimi nilimuzaa, nakijua."

Florent akaketi chini uani akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Baadaye akaniambia kwa siri kwamba ana msichana Moba, jina lake Bertille, na kwamba tangu mwezi wa pili alikuwa hapati usingizi.

Wazee wamesema tungoje. Hawajasema yu hai, wamesema tungoje. Mimi nimerudi kuketi kwenye kiti, na mgongo wangu unashangaa.

Emérance

*Manono, 28 Machi 1961*
*(ilifika Albertville tarehe 5 Mei)*

Mke wangu Emérance,

Hii ni barua ya nne, sijui kama zile tatu zilikufika. Treni yetu haikuweza kurudi, tukatembea, tukapanda malori, nimeishia hapa Manono. Nimeumwa mguu lakini nimepona. Nafanya kazi kwenye ghala la mgodi mpaka njia ifunguke.

Usihangaike. Nakula. Kaske yangu ninayo, imenipa shida moja tu: nilipovuka mto ilianguka ikaelea, nikaifukuza kama bata mpaka wenzangu wakanicheka. Mwambie Papa Onésime ngozi yake nyembamba imestahimili.

Wabusu watoto. Mwambie Florent aangalie mbuzi wangu, yule wa madoa, asimchinje kwa sababu yoyote.

Valère wako

*Albertville, 25 Juni 1961*

Papa Onésime,

Amerudi. Nakuandikia huku namsikia uani akigombana na Florent kwa ajili ya yule mbuzi. Wa madoa tulimla siku ya tatu ya matanga. Valère anasema ndiye mtu wa kwanza katika mji huu kulisha watu kwenye msiba wake mwenyewe, na kwamba angalau tungemwekea mguu mmoja.

Alifika Jumatano mchana na lori la mihogo. Nilikuwa napepeta unga. Niliona kwanza kaske inakuja juu ya ukuta, nyeupe, nikasema moyoni, hapana, sitaki kaske tena. Kisha nikaona chini yake kuna uso. Papa, sikulia, nilikaa chini kwenye unga. Furaha ilinijia baadaye, polepole, jioni nilipokuta foronya ina mafuta ya brilantini na sikuifua.

Mama Agnès hakumkumbatia mara moja. Alisema: "Ngoja kwanza." Akaingia ndani, akatoka na kamba yako, akamzungushia kichwani mbele ya majirani wote. Ncha zikakutana, fundo juu ya fundo. Hapo ndipo akaiacha kamba ianguke, akamshika masikio kama mtoto mdogo, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia kwenye matanga yote.

Bwana wa Usumbura amepita hapa wiki hii, umemtuma wewe. Aliigeuza kaske mikononi nusu saa, akatazama nyekundu ile kwa miwani, akasema mwaka 1932, basi hukukosea. Alitaka sana kuichukua. Valère akataka kuijaribu kwanza kwa mzaha, amwonyeshe jinsi isivyomwenea. Mama Agnès akampiga mkono. "Acha! Hiyo ni ya muntu." Kwa miezi miwili tulikuwa tumeililia, kisha kwa miezi miwili mingine tukaifurahia kwa kuwa si yetu, na katika muda wote huo hatukumfikiria aliyekuwa ndani yake.

Bwana wa Usumbura ameondoka bila kaske. Iko tena juu ya kiti, na Valère anakula ameketi kwenye mkeka, hataki tuiondoe.

Papa, ulisema kamba zako zote zina jina. Tafuta ile fupi ya Agosti 1957, ya mtu wa treni ya Nyunzu aliyenunua ngozi ya Ubelgiji. Ukiipata, niandikie jina siku hiyo hiyo, nami nitaipeleka kaske mwenyewe. Kuna mwanamke huko ambaye anatazama njia kila jioni, na hajui kama anyamaze au alie. Mimi najua kukaa hivyo kulivyo.

Emérance, mke wa Valère